Koti la Beki wa Kona

Jumatano, 20 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Ngano inaipenda, goti langu haliipendi.

Habari kubwa: nimeteuliwa mjumbe wa klabu yetu, Wirrapilla, kwenye kamati ya uteuzi ya ligi ya mpira. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Hilo halinihusu. Cheo ni cheo.

Kila mwisho wa msimu kamati hukaa na kuchagua Kikosi cha Heshima. Wachezaji bora wa vilabu vyote vya wilaya, kila mmoja kwa nafasi yake uwanjani, na kila aliyechaguliwa huvishwa koti la kijani mbele ya watu. Mwanangu Brodie ni beki wa kona. Kule nyuma kabisa, ubavuni mwa magoli, mahali ambapo hakuna anayekuangalia mpaka ukosee. Magoti yake yamekwisha. Jumamosi hii anacheza mechi ya mwisho ya maisha yake, na koti hajawahi kulivaa.

Mimi pia sikuwahi. Nilistahili. Mwaka wangu alipewa Noel Quilty wa Goonamurra, ambaye mpaka leo hulivaa kwenye kila kikao, ingawa vifungo vilishakata tamaa. Sasa Noel ni mjumbe wa Goonamurra, na mpwa wake Heath ni beki wa kona. Mzuri kuliko wote. Nakiri humu tu.

Brodie lazima alipate. Sitaki yamkute yaliyonikuta mimi. Miaka yote hii sijapona.

Glenys ameniambia, mume wangu, msimu huu kaa tu utazame mpira. Nimemjibu kwamba siasa za ligi hazimhusu. Akasema basi na jiko lake halinihusu. Nimekula maharage ya kopo. Baridi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekwenda Tarwick kwa Spiro Kallias. Anauza samaki na chipsi, na ndiye mjumbe wa Tarwick. Nimejifanya nina njaa. Sikuhitaji kujifanya sana.

Kilio cha Spiro ni kile kile cha kila mjumbe: kiungo. Kila klabu ina kiungo hodari, na kila klabu inaamini wa kwake ndiye bora wilaya nzima. Nafasi za viungo ni chache, viungo ni wengi kama nzi kwenye zizi. Kila mwaka wajumbe hugombana mpaka chai ipoe. Mabeki wa kona hakuna anayewagombania. Ndiyo furaha ya mpango wangu.

Nikamwambia kura yangu ya kiungo ni yake, kijana wake Zane apite, ilimradi yeye ampe Brodie kona. Spiro akafuta mkono kwenye aproni, tukapeana. Akaniongezea kipande cha samaki.

Njiani nikawaza: kura moja haitoshi. Trevor Gebhardt wa Mundoo naye ana kiungo. Ahadi haina uzito, naweza kubeba mbili. Akili ni mali, bwana!

Jumamosi, 23 Agosti

Mechi ya mwisho. Nyumbani, dhidi ya Mundoo. Magari yameegeshwa kuuzunguka uwanja wote kama kawaida, pua zikitazama mpira. Glenys akabaki ndani ya gari letu na blanketi na chupa ya chai. Akaniambia nisiende mbali. Nikasema narudi sasa hivi, nanunua pai ya nyama tu.

Nikamkuta Trevor nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Trevor anafuga kondoo na anazungumza kama kondoo wanavyotafuna. Ilinichukua robo nzima ya mchezo kumfikisha kwenye neno kiungo. Alipofika, akanogewa. Kijana wake hivi, kijana wake vile.

Tukiwa pale pale kwenye kiini cha jambo, honi zikalia. Hilo la kawaida, goli likifungwa magari hupiga honi. Ila safari hii hazikunyamaza. Honi, honi, honi, na watu wakipiga mapaa ya magari. Trevor akageuza shingo. Nikamshika mkono wa sweta. Mtu hauachi mnada nyundo ikiwa hewani. Akaniahidi kura. Nami nikamwahidi nafasi ya kiungo. Ile ile ya Spiro.

Filimbi ya mwisho, tumeshinda. Nikaingia chumbani kwa wachezaji. Brodie yuko juu ya mabega ya wenzake. Nikadhani wanamuaga. Kumbe Brodie amefunga goli! Beki wa kona! Misimu yote aliyocheza, goli la kwanza na la mwisho. Aliutoa mpira kule nyuma, akakimbia nao, hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyeamini.

Aliponiona akashuka. Tope mpaka kwenye meno.

"Mzee, umeliona?"

"Nimeliona," nikasema.

Akanikumbatia. Nikamkumbatia. Nyuma yake, mlangoni, Glenys alikuwa ananitazama. Hajasema neno njia nzima.

Jumanne, 26 Agosti

Bado hajasema neno.

Kikwazo. Nimempigia simu mwenyekiti wa kamati, Bibi Lorraine Stavely, kumtakia hali njema. Alikuwa mwalimu mkuu na bado anapokea simu kama umechelewa darasani. Amenikumbusha kanuni: mchezaji wa klabu yako akijadiliwa, unatoka nje. Hata kikohozi cha mlangoni hataki.

Basi Heath Quilty aondoke kwenye kona mimi nikiwa bado ndani. Kumsema vibaya siwezi. Mtoto hana doa, hata marefa wanamsalimia. Nimewaza mchana kutwa nikinoa shoka ambalo halikuhitaji kunolewa.

Nimepata! Nitamsifu.

Alhamisi, 28 Agosti

Kikao, ukumbi wa zimamoto. Noel ndani ya koti lake, akipumua kwa uangalifu.

Bibi Lorraine alipofika kwenye beki wa kona akamtaja Heath kwanza. Noel akatoka, maana ni mchezaji wake. Nikasimama. Nikasema kumweka Heath kwenye kona ni kumtusi. Kijana wa namna ile ukamfungie pembeni kama mbuzi wa jirani? Spiro akatikisa kichwa kukubali, akapendekeza asogezwe mbele kidogo. Trevor akawaza, akatafuna, akasema kati. Nguzo ya ulinzi mzima. Nikasema sasa mnaongea. Sikuweza tena kujizuia, utamu ulishanikolea, nikasikia sauti yangu ikisema kijana huyu hata unahodha anauweza.

Wakampa unahodha. Kura zote, na yangu.

Noel aliporudi na kuambiwa, machozi yakamlengalenga. Akanikumbatia mbele ya kamati. Koti linanuka dawa ya nondo. Akasema, "Kelvin, ndugu yangu, miaka yote hii nilikudhania mtu mbaya."

Lakini kona ilikuwa wazi! Jina lililobaki ni moja, Brodie Pumphrey. Bibi Lorraine akanionyesha mlango kwa kalamu.

Nikatoka kwa mwendo wa bwana harusi. Nikachemsha maji jikoni, nikawapangia vikombe, nikawakatia keki. Nilisikia mabishano, nikasikia kicheko. Nikajua wanafurahi kwa niaba yangu. Nikaanza hata kumwonea huruma Noel.

Nikaitwa. Bibi Lorraine akasoma: beki wa kona, Zane, wa Tarwick.

Zane? Kiungo wa Spiro! Hajawahi kucheza nyuma hata siku moja. Ukimwambia aende kona ataomba ramani.

Ikaelezwa. Nilipokuwa nje, Spiro alikumbusha kwamba nafasi ya mwisho ya kiungo ni ya kijana wake, Kelvin ameahidi. Trevor akasema haiwezekani, Kelvin amemwahidi yeye. Wakatazamana. Hapo ndipo kicheko. Viungo wawili, nafasi moja. Bibi Lorraine akaona kona iko wazi, tena mimi mwenyewe ndiye niliyeifagia, akamtoa Spiro kwa mlango wa mbele, akamsukumia Zane huko. Akasema ameheshimu ahadi zangu zote mbili, na kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe.

Trevor ananiambia mmoja tu ndiye aliyempigania Brodie mpaka mwisho. Alisimama, akagonga meza, akasema kumjaza kiungo kwenye nafasi ya beki halisi ni aibu, na kwamba Brodie ameipata kona ile kwa jasho lake.

Noel.

Nimerudi nyumbani na keki iliyobaki. Glenys ameongea leo. Amesema, "Umefurahi?"

Ijumaa, 5 Septemba

Usiku wa tuzo. Sikutaka kwenda. Brodie akanipigia, akasema twende, mzee, kuna mwanakondoo wa kuchoma.

Heath akapanda jukwaani, koti jipya, kitambaa cha nahodha mkononi. Akamshukuru Mungu, mama yake, halafu Mzee Kelvin Pumphrey wa Wirrapilla, ambaye alimwamini kuliko hata mjomba wake. Ukumbi mzima ukanigeukia kunipigia makofi. Nikainuka nusu. Nikakaa.

Zane naye akavishwa. Mtangazaji akamuuliza siri ya mabeki wa kona ni nini. Akasema anatumaini siku moja kupata nafasi ya kuwaona. Watu hoi kwa kicheko. Brodie akacheka kuliko wote, akampigia makofi kwa mikono miwili. Mimi mikono iligoma. Nikaikalia.

Noel akapita mezani kwetu na kumwambia Brodie lile goli bado linazungumzwa Goonamurra. Uso wa Brodie ukang'aa. Akanitazama. Nikaitazama mboga.

Jumapili, 7 Septemba

Sikukuu ya Akina Baba. Brodie alikuja na mkewe na watoto. Nimepewa soksi.

Mimi na yeye tukabaki nje kwenye moto wa kuchomea, wengine ndani. Nikaona niseme yote. Nikamweleza Spiro, Trevor, Heath, kona, keki. Nikamwambia nimekupigania, mwanangu, mpaka jasho limenikauka. Sikuficha kitu. Hata yale yaliyonikuta mimi kwa Noel nikamsimulia, mara ya kwanza katika maisha yake. Au ya kumi, kwa mujibu wake.

Alisikiliza huku anageuza nyama. Halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza kama kuna chumvi.

"Mzee, goli langu nililifunga upande upi?"

Uwanja wetu una pande mbili. Maghala ya ngano huku, shule kule. Nikasema, maghala.

Akageuza kipande kingine.

"Shuleni," akasema. "Nilipofunga niligeuka kulitafuta gari letu. Mama alikuwa anapiga honi kwa mikono yote miwili. Kiti chako kitupu."

Nikachokoa makaa. Nilitamani angenigombeza. Mtu akikugombeza unapata mahali pa kushika.

"Koti ulilitaka wewe," akasema. "Mimi nilikuwa na goli, na nilitaka tu uwe umeliona."

Kisha akanipigapiga begani kama mtu anayemtuliza farasi, akabeba sinia la nyama ndani. Nikabaki na moto. Moshi uliniingia machoni, naandika hivyo, na yeyote atakayebisha hakuwepo. Nililia. Haya, nimeandika.

Mezani nikawa nachezea uma. Mjukuu akauliza babu anaumwa nini. Glenys akanisogezea kipande kikubwa, cha kwanza tangu mechi ile. Hicho kiliniuma zaidi.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikulala. Nimejichunguza nafsi yangu bila huruma, mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika. Nimejua kosa langu, na namshukuru mwanangu kwa kunifungua macho.

Kosa lilikuwa koti. Tangu mwanzo nilipigania kitu ambacho mtoto hakukitaka. Anachokijali ni goli.

Na ligi yetu haina tuzo ya Goli la Mwaka! Aibu ilioje. Wilaya zote jirani zinayo.

Saa mbili asubuhi nimempigia Bibi Lorraine. Amesema kanuni inaruhusu: mjumbe akileta pendekezo na wenzake wakaliunga mkono, kamati itakaa tena, hata kwa msimu uliokwisha. Nimempigia Spiro. Amekubali, baada ya mimi kumwahidi kwamba kuna goli moja la Zane ambalo siwezi kulisahau. Nimempigia Trevor. Amekubali pia, kwa ahadi hiyo hiyo, goli la kijana wake. Saa nane nakwenda Goonamurra kumwona Noel. Yeye sasa ni kama ndugu.

Glenys amesikia simu zote tatu. Ameuchukua ufunguo wa pikapu na kuutia mfukoni mwa aproni. Si neno. Goonamurra kunafikika kwa baiskeli.

Pendekezo litahitaji shahidi wa macho, mtu wa kusimama mbele ya kamati na kulisimulia goli la Brodie hatua kwa hatua, mpaka watu wasisimke. Nimejiandikisha mimi, nani mwingine? Imebaki kazi moja ndogo tu kabla ya kikao: kumpata mtu aliyekuwepo, anieleze lilikuwaje.