Kipeperushi Kimoja, Kurasa Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata njia! Mkurugenzi wa hospitali anatafuta mkuu wa tovuti. Tumebaki wawili: mimi na mtafsiri, tunayemwita Bi Nukta kwa jinsi anavyoweza kukalia nukta moja nusu siku. Mkurugenzi ataangalia nani ana kurasa nyingi. Basi! Kipeperushi cha vidonge vya presha kina lugha nne. Kila lugha ina maandishi, picha na sauti. Kuna toleo la zamani na jipya. Kila kimoja nakipa ukurasa wake na anwani yake. Ishirini na nne!

Jumanne, 4 Machi

Bi Nukta kaleta ubishi kikaoni. Anataka kipeperushi kiwe na anwani moja tu, na hapo hapo ionekane toleo lipi ni la sasa, lipi limepitwa, ipi ni tafsiri, ipi ni sauti. Eti mgonjwa hatafuti ukurasa, anatafuta dozi yake. Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Lakini kurasa za vipeperushi vyetu kumi na tatu zikahesabiwa: zangu mia tatu na kumi na mbili, zake kumi na tatu. Nimetembea korido nzima kama bwana harusi.

Ijumaa, 7 Machi

Mfamasia kaja kuuliza kama dozi mpya, kidonge kimoja badala ya viwili kwa kuwa vya sasa vina nguvu zaidi, imeingia kila mahali. Nikamwambia imeingia. Kwenye maandishi, kweli imeingia. Sauti mpya bado sijarekodi. Nimechukua ya zamani, nikaibandika neno "jipya", idadi isipungue. Wiki ijayo nitarekebisha.

Jumapili, 9 Machi

Mama mdogo, aliyenilea tangu nina miaka sita, kaanguka bafuni. Presha imeshuka vibaya. Yuko wodi namba nne, hasemi. Binti yake kaniambia mama hawezi kusoma siku hizi, macho yamekwisha, kwa hiyo alikuwa anasikiliza ile sauti ya tovuti. Imesema vidonge viwili, naye akameza viwili.

"Alisema hiyo ni kazi ya mwanangu, haiwezi kukosea," akaniambia.

Nikasema labda alisikia vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewahi kazini kufuta ile sauti. Bado ipo! Nafuta huku, inachomoza kule. Anwani zenyewe sizikumbuki. Nikafuta ukurasa wa maandishi, ule uliokuwa sahihi. Bi Nukta akasimama mlangoni, akatazama. Akavuta kiti, tukaanza kuzitafuta moja moja. Saa tano asubuhi simu ikaita. Mama mdogo hayupo tena. Nilikaa. Bi Nukta akaendelea kufuta.

Jumatano, 12 Machi

Tulimzika jana. Binti yake hataki kunitazama. Anauliza jambo moja tu: mama alisikiliza toleo lipi?

Mkurugenzi naye anadai maelezo kwa maandishi. Nimeandika matatu. Ya Mkurugenzi, kosa ni la mfamasia. Ya familia, kosa ni la mitambo. Ya Bi Nukta, kosa ni langu, na naomba radhi. Haya ya mwisho yalinitoa machozi. Kila mtu atapata yanayomfaa, na nadhani cheo bado kinaokoleka.

Nimeyatuma yote asubuhi. Tangu hapo nakaza kichwa nikumbuke yapi yamekwenda kwa nani.