Redio Iliyoninyang'anya Kesho

Kalemie, upande wa Lukuga

Kwa Papa Mkurugenzi wa redio yetu ya mtaa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, jamaa yako na wote mnaofanya kazi katika biro yenu, ofisi ile yenye feni moja. Mimi ni Casimir, fundi wa moteri za mitumbwi. Naandika kukuomba uondoe hewani kipindi cha asubuhi cha Mama Constance, kile kinachofundisha watu kuacha kuahirisha mambo. Usidhani ni chuki. Mama Constance anaongea vizuri, na mke wangu Lydie humsikiliza kama anavyosikiliza misa, tofauti ni kwamba misa haimwambii ageuke kunitazama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mama Constance alifundisha kwamba mtu aweke kengele kwenye simu, afanye kazi bila kuinua kichwa mpaka ilie, apumzike kidogo, kisha aanze tena. Lydie akaiweka. Kufikia mwisho wa mwezi, moteri zote zilizokuwa zimelala uani kwangu, nyingine tangu kabla mtoto wetu wa mwisho hajazaliwa, zilikuwa zinanguruma. Hakuna aliyenionya juu ya matokeo. Papa Rubens, mvuvi, alikuwa anakuja kila asubuhi kuulizia moteri yake. Tulikunywa chai, tukaisema serikali, naye akaniletea samaki wa mikebuka ili nisimsahau. Siku aliyoichukua, aliipakia kwenye mkokoteni, kisha akanishika mkono bila kuuachia.

"Papa Casimir," alisema, "sasa nitakuwa naamkia wapi?"

Tangu hapo yuko ziwani kama watu wengine. Uani kwangu wamebaki kuku.

2. Alifundisha pia kwamba kazi kubwa inayoogopesha ikatwe vipande vidogo. Paa la jiko letu lilikuwa linavuja, na sisi tulikuwa tumekwisha kuelewana nalo, tunajua sufuria gani inakaa wapi. Nikalikata vipande: leo misumari, kesho bati la kwanza, keshokutwa la pili. Likaisha. Nilitegemea asante. Lydie alisimama chini ya bati jipya, akatazama juu, akasema taratibu, "Kumbe unaweza." Papa Mkurugenzi, wewe pia ni mume wa mtu, unajua maneno hayo yanaelekea wapi. Sasa kuna ukuta, kuna choo, kuna mlango wa chumba cha wageni.

3. Hili ndilo kubwa. Mama Constance alisema jambo gumu kuliko yote lifanywe asubuhi, kabla ya chai. Gumu langu ni Cyprien, mdogo wangu, anayekaa Kabimba na mke wake Pélagie. Hatukuwa tunaongea tangu mazishi ya baba, kwa habari ya nani angesimama mbele kuwashukuru watu. Ulikuwa ugomvi mzuri, uliotunzwa pande zote mbili. Nilikuwa nimemtayarishia maneno ya kumwambia siku moja, na kila mwaka niliyatia chumvi zaidi. Basi Lydie akanipa simu, akaficha majani ya chai.

"Ni mimi, Casimir," nilisema.

"Nasikia."

Maneno yangu yote yakanikimbia. Nikauliza habari za nyumbani, kama mjinga.

Akajibu, "Pélagie iko mugonjwa, kaka. Tumbo. Tunangojea kidogo tuone."

"Munangojea nini?"

"Hospitali iko kwenu Kalemie. Tungelala wapi?"

Hapo nikaelewa kwamba mwanamke alikuwa anateseka kwa sababu wanaume wawili walioneana aibu. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kabimba siku ile ile, bila chai. Tulimleta Pélagie, akapasuliwa, na daktari akatuambia sisi wawili pale kwenye korido kwamba tungengojea kidogo zaidi tungekuja kuchukua maiti. Cyprien akanishika bega. Mimi nikatazama ukuta, maana kitu kilikuwa kimeniingia jichoni.

Lakini tazama hasara. Adui niliyemlea miaka yote hiyo sasa analala katika chumba changu cha wageni. Anakoroma. Tukiwekewa ugali, anakula bukari mpaka upande wangu wa sahani. Nikifanya kazi anasimama nyuma yangu na kusema baba hakuwa anashika ufunguo wa kufungulia nati hivyo, na ubaya ni kwamba anasema kweli. Sina tena mtu wa kumkasirikia. Fundi mwenye ua mtupu na asiye na ugomvi wowote, atasema ana shughuli gani?

Kwa sababu hizo naomba kipindi kifutwe, na mahali pake muweke muziki wa polepole, usiomwinua mtu kwenye kiti.

Nisalimie watangazaji wote, mlinzi wa lango, na Mama Constance mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye. Lydie, Cyprien na Pélagie wanawasalimu, ingawa hawajui ninaandika nini.

Ni mimi, kwa heshima na uchovu,
Casimir, fundi wa moteri

N.B. Daktari amemruhusu Pélagie kwenda nyumbani. Cyprien anasema wataondoka Jumamosi na gari la asubuhi la Kabimba, eti hakuna haja ya kukawia. Nimemwambia wangoje hata wiki ijayo, hasikii. Basi kama inawezekana, Jumamosi rudieni kipindi cha Mama Constance, kile kirefu, tena asubuhi kabisa. Siku hizi Cyprien anakipenda sana, hainuki mpaka kiishe, na gari lile halimngojei mtu.