Mfenesi Wangu na Ukurasa wa 41

Jumatatu, 4 Juni 1973. Kwamndolwa.
Jirani yangu Athuman kanishtaki! Eti mfenesi wa mpakani ni wake. Mfenesi ambao marehemu baba aliupalilia na kuulinda na nyani miaka ishirini! Kesi ni Jumatatu ijayo. Mke wangu Mwaija kasema twende tukazungumze naye kwa adabu. Adabu! Mimi Semboja nimefika darasa la sita. Nitajitetea kwa kitabu.

Jumanne, 5 Juni.
Maktaba ya sheria, Korogwe mjini. Chumba kimoja, makabati matatu, na Bi Grasiana mtunza vitabu, aliyenirudisha nje nikafute matope miguuni. Mara mbili! Kitabu cha mila za ardhi kwa Kiswahili kiko kimoja tu. Ukurasa wa 41: aliyetunza mti miaka kumi na miwili bila kupingwa, mti ni wake. Nikapiga kelele ya furaha. Nikatolewa nje mara ya tatu.

Jumatano, 6 Juni.
Lo! Athuman kakalia kiti changu, anasoma kitabu changu! Midomo inamcheza kama mbuzi anayecheua. Kafika ukurasa wa 30. Kesho atafika 41, atafute la kunijibu. Thubutu!

Alhamisi, 7 Juni.
Nimemuwahi. Bi Grasiana alipogeuka, kitabu nikakitupia juu ya kabati, nyuma ya magazeti ya zamani. Athuman katafuta hadi adhuhuri, kaondoka mikono mitupu. Njia nzima nimecheka peke yangu.

Jumatatu, 11 Juni.
Mahakamani. Athuman, kwa kukosa kitabu, kaleta mtu. Na mtu mwenyewe ni Bibi Tatu, mama mkwe wangu! Eti alimwona mama yake Athuman akiupanda. Sikutetereka. Nikataja ukurasa wa 41. Hakimu akasema vizuri sana, kama imeandikwa hivyo mti ni wangu, kitabu kiletwe. Bi Grasiana akaitwa. Akasema hakionekani tangu Alhamisi, na akimjua aliyekificha atamfikisha polisi. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Hakimu akasema maneno matupu hayatoshi. Mfenesi kapewa Athuman. Imeniuma, jamani. Mfenesi wa baba!

Jumanne, 12 Juni.
Mwaija kasema nikamwombe Athuman atugawie walau fenesi moja. Ng'o! Nakata rufaa. Asubuhi nimekwenda maktaba, nikafungua kitabu cha rufaa. Nacho kiko kimoja tu. Sijamaliza ukurasa wa kwanza, nikasikia Athuman anabisha hodi. Nikakisukuma nyuma ya kabati kubwa. Kikatumbukia hadi chini, mkono haufiki, na kabati lenyewe wanaume wanne hawalisogezi.
Safi! Athuman hatakisoma kamwe.