Kiraka cha Fundi Abrahman

Fundi Abrahman alikuwa akisema kwamba kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hakuna chuma kisichomwamkia. Hata ile meli iliyokwama Mombasa, kwa maneno yake, isingeng'oka bila ya yeye. Mombasa alikwenda kweli, lakini alikwenda kumzika mjomba wake. Sisi wenzake wa kiwanda cha mafuta ya nazi hatukumbishia, maana kumbishia Abrahman ni kumwongezea pumzi.

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya Mtoni, na nyuma yake lilisimama tangi la chuma lililoipita minazi kwa kimo. Mafuta yalikuwa yakingojea meli humo ndani. Mwaka wa sitini na tisa tangi lile likaanza kutoka jasho ubavuni, upande wa magharibi, usawa wa kifua cha mtu. Jasho likawa matone, matone yakawa mchirizi. Kutu ilikuwa imelila bamba kwa ndani mpaka likawa jembamba kama kopo la maziwa.

Meneja wetu, Bwana Jecha, akatuita chini ya tangi tutoe shauri. Usi, fundi wa kuchomelea, alikuwa Mtumbatu mwenye ulimi mkali kuliko moto wake.

"Mafuta yatolewe yote," alisema. "Bamba bovu likatwe, litiwe jipya, nilichomelee. Nikitia moto hapo na mafuta yamo, mtakuja kuniokota juu ya minazi."

Jecha akakuna kichwa. Mapipa ya kuyatia mafuta yale hakuwa nayo, na mwisho wa juma mgeni rasmi kutoka serikalini alikuwa anakuja kutazama kiwanda. Hapo Abrahman akakohoa.

"Bwana Jecha, daktari akitaka kumshona mtu, humwaga damu yake yote kwanza?"

"Aa, hamwagi."

"Basi. Mie nnaliwekea kiraka na mafuta yamo. Moto siutaki, na mtu wa moto simtaki."

"Bamba limelika," alisema Usi. "Ukilikaza litapasuka."

"Limelika machoni mwako."

Jecha alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia maneno hayo hayo. Akasema kazi ikitoka vizuri, Abrahman atakuwa mkuu wa karakana, kwani cheo kile kilikuwa wazi tangu Mzee Silima kustaafu. Kuanzia saa ile Abrahman akaacha kubeba vyombo vyake mwenyewe.

Kiraka chenyewe kilikuwa hivi. Alikata kipande cha bamba, akakipinda kifuate mviringo wa tangi. Chini yake akaweka mpira wa tairi ya lori. Kisha akalizungushia tangi zima mkanda wa waya wa meli, akaukaza kwa bolti kubwa juu ya kiraka. Tangi likaonekana kama bwana mnene aliyejifunga mkanda kwenda ofisini. Alimaliza jua linakuchwa, siku moja kabla ya mgeni.

Asubuhi yake tulikuta ubavu wa tangi mkavu kabisa. Ulikuwa mwezi wa Julai, kipupwe kimekaza, na kila mwanamke wa Unguja anajua kwamba asubuhi za Julai mafuta ya nazi huganda, ukitaka kujipaka huna budi uianike chupa juani. Tangi nalo lilikuwa chupa tu. Lakini Abrahman nyumbani kwake huletewa mafuta yameshayeyushwa, kwa hivyo aliutazama ukavu ule akajipa pongezi.

"Yameganda hayo," Usi alimwambia. "Ngoja jua lizunguke."

"Yameganda kwa kuniogopa," alijibu Abrahman.

Na pengine angesalimika, maana mgeni alitarajiwa asubuhi. Lakini mgeni alipitia Chwaka kwanza, na watu wa Chwaka wakamkirimu samaki mpaka ikawa hainukiki. Alifika kwetu alasiri. Jua lilikuwa limeshahamia magharibi, linalipiga tangi ubavuni kama lina kisa nalo.

Abrahman alikuwa amesimama kando ya kiraka chake, ndani ya koti la sufu alilooa nalo. Gari ya mgeni ilipoingia langoni, akasikia tone. Akageuka, akaona ukingo wa mpira unameremeta. Akachukua spana, akaizungusha bolti polepole, mtu asimwone. Ndani ya tangi kitu kikalia kama khanga inayochanwa. Bamba lilikuwa limepasuka.

Aligeuka, akakiegemea kiraka kwa mgongo, akakunja mikono kifuani kama mtu anayepunga upepo.

Hotuba ikaanza. Sisi tuliosimama ubavuni tuliyaona mafuta yanavyosafiri. Yalishuka mgongoni, yakaingia kiunoni, yakafuata miguu ya suruali mpaka kwenye viatu, na viatu vilipojaa vikaanza kumwagika. Uso wake ulikuwa umetulia tuli, isipokuwa macho.

"Na tangi hili," alisema Jecha, "lilikuwa limeoza, na huyu fundi wetu amelitengeneza bila ya kumwaga hata tone."

"Peke yako?" mgeni alimuuliza.

Mtu mwingine hapo angejikohoza tu. "Peke yangu, mheshimiwa," alijibu Abrahman. "Wenzangu walishakata tamaa."

"Hebu njoo nikupe mkono."

"Mkono nnaupokea hapa hapa, mheshimiwa."

"Njoo mbele, watu wakuone."

"Wananiona, mheshimiwa."

Mgeni akacheka. "Fundi mkubwa namna hii, na bado ana haya."

Tangu tumjue Abrahman, hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa jambo hilo. Tukainamisha vichwa. Mgeni, mtu mwema, akamfuata mwenyewe pale tangini, akamshika mkono, akamvuta. Abrahman aliteleza kama sabuni. Alikwenda kukaa chini, na nyuma yake mafuta yakaruka kwa nguvu zote, yakampata mgeni wa watu kifuani.

Usi na mie tulikimbilia magunia, tukayasokomeza kwenye mpasuko na kuyashindilia kwa ubao. Mgeni alitoa kitambaa, akajifuta uso pole pole.

"Nani aliyeifanya kazi hii?"

Abrahman alimtazama kutoka pale chini alipokaa.

"Tumeifanya sote, mheshimiwa," alisema. "Ni nguvu za umma."

Abrahman nilimsindikiza mie kwao, kwa vichochoro, maana barabara kubwa hakuitaka. Alikuwa akiteleza ndani ya viatu vyake, ananishika bega. Mara moja tu alifungua mdomo, akasema kwamba ule mpira ulikuwa wa lori bovu. Nikamwambia inawezekana. Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sikuwa na moyo wa kumcheka tena.

Mkewe, Mwanamwema, alimtazama juu mpaka chini. Siku zile vitu vilikuwa adimu madukani. Akaleta beseni, akamvua koti, akalikamua kama tui, kisha suruali, kisha soksi. Akachuja kwa kitambaa, akatia kwenye chupa. Majirani walipata harufu, na juma zima vichwa vya wanawake wa mtaa ule viling'ara kama siku ya Idi.

Mapipa yakapatikana hatimaye. Tangi likamwagwa, Usi akalikata bamba bovu na kuchomelea jipya, na cheo cha mkuu wa karakana akapewa yeye, akawa mwenye maringo kumshinda hata Abrahman. Kazi ya kwanza aliyoitoa ilikuwa kumwingiza Abrahman ndani ya tangi kukwangua kutu. Huko ndani, kwa mara ya kwanza, kila alilolisema lilirudi kumjibu.

Jioni moja Abrahman alikuwa amekaa barazani, anajitoa kutu kwenye kucha, jirani yao Bi Mwanapili akaja na kichupa kitupu. Mwanamwema alimwambia mafuta yamekwisha, tangi limeshapona.

Bi Mwanapili akakitazama kichupa chake, kisha akamgeukia Abrahman kwa heshima zote.

"Na jingine, fundi, unalitengeneza lini?"