Siku Saba za Kimya na Siagi Kidogo

Jumatatu, 15 Tahsas 2016

Yeshimebet ameondoka. Amechukua netela yake, shuka jeupe la kujitanda, sufuria ndogo na sufuria kubwa, amekwenda kwa dada yake Atsede, ng'ambo ya soko. Ndoa ya miaka thelathini na moja, na kilichoivunja ni kijiko cha siagi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Jana ilikuwa siku ya thelathini ya mfungo wa Genna, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana. Yeshi alikuwa kanisani. Nikakaanga mayai mawili kwa siagi ya viungo. Mawili tu! Mwanamume hawezi kuishi kwa dengu na mchuzi wa shiro siku arobaini na tatu katika baridi hii ya Debre Birhan. Harufu ikaruka ukuta. Mke wa jirani yetu Mezgebu ana pua isiyo na kazi nyingine, akaja kubisha hodi. Nikamwambia ni mke wangu, Mama Hirut, amepitiwa, shetani ni shetani, tumwombee. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unamwombea.

Yeshi alirudi akakuta anaombewa.

Sijutii. Nilishtukizwa. Mtu aliyeshtukizwa husema lolote lililo karibu na ulimi, na Yeshi ndiye aliyekuwa karibu.

Jumatano, 17 Tahsas

Nimekwenda kwa Atsede. Shemeji Atsede alifungua mlango upana wa kidole, akaniuliza kama nimekuja kuombea mtu. Nikajitia sikusikia.

Yeshi alikuwa anachambua dengu. Hakupiga kelele, na mimi kelele zake nazijua, nazimudu. Alisema taratibu kwamba siku ya Genna atakuja kupika, nyumba ni yake vilevile. Mezgebu na mkewe atawaalika yeye mwenyewe. Tukishaketi mezani, kabla mtu hajamega injera, mimi nitasema maneno matatu: siagi ilikuwa yangu. Nikiyasema, anabaki. Nisipoyasema, anarudi kwa Atsede, na safari hiyo anabeba na kitanda, kwa kuwa kitanda ni cha mama yake.

Nikamwambia Genna bado mbali, tarehe ishirini na tisa, mpaka hapo mengi yatabadilika. Akaanza kusema, “Lakini Baba Hirut, mwaka huu...” Nikamkata. Nimepiga mihuri ya tarehe katika ofisi ya ardhi miaka ishirini na sita. Mimi sifundishwi kalenda na mtu anayechambua dengu.

Maneno matatu, mbele ya Mezgebu! Ng'o. Labda nizaliwe upya.

Ijumaa, 19 Tahsas. Sikukuu ya Gabrieli.

Padre wetu, Aba Zerihun, amehubiri. Alisema tunaikumbuka Genna kwa kondoo, kwa jogoo, kwa nguo mpya, na Mtoto mwenyewe tunamsahau kama mgeni aliyekaa kona ya giza. Akauliza nani yuko tayari kupanda kwenye vijumba vya subae, vya kujitenga na kusali, kule juu kwenye mierezi. Siku saba bila kusema na mtu. Shayiri ya kukaanga na maji. Kutafakari jambo moja tu: kwa nini Mungu alikubali kulazwa mahali punda anapolia chakula.

Mezgebu akanyoosha mkono wa kwanza. Nani mwingine? Huyu ndiye anayesujudu mpaka paji la uso limeota sugu, na sugu yenyewe haifuniki hata kwa kofia. Nilipouona mkono wake nikanyoosha yangu yote miwili.

Na hapo hapo mpango ukanijia wote kwa mkupuo. Mtu akishuka mlimani amekonda, macho yamemwingia ndani, uso unang'aa, nani atamuuliza habari za siagi? Yeshi ataniona mezani, atainamisha kichwa. Pengine ataniomba radhi yeye. Nitamsamehe. Sitamchelewesha.

Jumapili, 21 Tahsas

Nimepanda. Nilitoka kanisani kabla ya matangazo ili niwahi kijumba chenye mlango unaotazama njia ya kisimani. Wanawake wote wa mtaa hupita hapo, wataniona, watampelekea Yeshi habari. Nimekipata! Mezgebu amepata cha nyuma, kile kinachovuja. Alipokiona alitabasamu. Anatabasamu makusudi.

Hesabu yangu: nashuka Jumapili ijayo jioni kwa ajili ya mkesha, Jumatatu ni Genna. Daftari nimekuja nalo. Kuandika si kusema.

Jumanne, 23 Tahsas

Aba alituagiza tukae, tupumue polepole, tulitazame zizi. Nimelitazama. Nimemwona punda, nimeona majani makavu, nimesikia baridi. Baridi hasa.

Kisha mawazo yangu yakaenda kwa yule mwenye nyumba ya wageni. Watu wanamsema vibaya tangu enzi na enzi. Alikosa nini? Nyumba ilijaa. Kujaa si dhambi. Tena angalau alijibu mlango. Nimemtafakari kutwa nzima na nimefikia uamuzi kwamba alionewa, kama wanavyoonewa wanaume wengi wenye nyumba zao.

Mezgebu anasujudu. Paji lake linagonga sakafu, puu, puu, mara mia tatu kwa siku. Nimehesabu. Nashindwa kumwona Bikira Maria kwa sababu ya kichwa cha Mezgebu. Nimechomoa pamba kwenye blanketi, nikaichanganya na nta ya mshumaa, nikaziba masikio yote mawili. Raha mustarehe.

Alhamisi, 25 Tahsas

Hakuna mtu anayepita. Kumbe kisima kilikauka tangu mwezi uliopita, wanawake wanatumia njia ya bondeni. Siku nne nimekaa mlangoni na uso wa mtakatifu, na aliyeniona ni mbuzi mmoja. Emahoy, mtawa mzee anayetuletea shayiri, alinitazama sana usoni leo, akaniongezea gao moja. Nadhani aliona naumwa.

Jambo la ajabu limetokea wakati wa kutafakari. Nilikuwa namtazama Maria akibisha mlango kwa mlango, mimba imemwelemea, na nyuma yake watu wakinong'ona mambo yasiyo ya kweli juu yake. Naye hakujibu kitu. Alijifunga tu shuka lake akaendelea kutembea. Mara uso wake ukawa wa Yeshi.

 Nikaona aibu, tena aibu kubwa, nikiwa peke yangu katika kijumba. Nikafungua macho haraka. Aba hakutuambia kwamba kutafakari kunauma. Kuanzia kesho narudi kwa punda.

Jumamosi, 27 Tahsas

Ushindi! Mezgebu amevunjika.

Jioni hii alisimama mlangoni kwangu, amevaa shuka jeupe, kifurushi kwapani, na midomo inacheza. Anasema! Siku sita za kimya, na mtu wa sugu anasema! Sikusikia neno, masikio yameziba sawasawa. Akanivuta mkono wa shati. Akaonyesha kanisa kule chini. Nikaelewa mara moja: amechoka, anakimbia, na hataki kukimbia peke yake. Anataka tushindwe wote ili asichekwe. Nikamgeuzia kisogo. Akanizunguka akaja mbele, midomo inacheza bado. Nikafumba macho. Alikaa pale kitambo kirefu. Nilipofumbua alikuwa ameshaondoka, ameniachia mshumaa wake.

Nimeuyeyusha, nikaongeza nta masikioni. Heri kuzidisha.

Jumapili, 28 Tahsas, saa nane mchana

Siku nzuri kuliko zote. Hakuna mtu. Emahoy hakuleta shayiri. Ni jaribu la mwisho, nimelipokea. Tumbo tupu, kichwa chepesi, zizi nimeliona waziwazi mpaka mkia wa punda. Nadhani leo hii, katika Debre Birhan nzima, ni mimi peke yangu ninayemkumbuka Mtoto.

Saa kumi na moja nashuka. Yeshi na ajiandae.

Jumatatu, 29 Tahsas

Naandika nikiwa sakafuni.

Nilishuka jana kama nilivyopanga, shuka jeupe begani, hatua za polepole. Uwanjani wanaume wazima walikuwa wanachezea mpira kwa fimbo za kupinda, mchezo wa Genna wenyewe. Nikashangaa. Mbele kidogo siagi inanukia kila nyumba. Siagi, siku ya mkesha, bila haya! Nikasimama katikati ya barabara na sauti ya siku saba ikatoka yote pamoja. Niliwaambia wamemuuza Bwana kwa paja la kuku. Niliwauliza kama wasingeweza kuvumilia mpaka kesho. Niliwataja wengine kwa majina. Niliwaambia nyumba yenye siagi wakati wa mfungo haina Mungu.

Mzee mmoja mwenye mfupa mkononi alinikaribia akichezesha midomo. Nikachomoa pamba. Alikuwa ananitakia Genna njema, na ananiuliza kama nimekula.

Basi ndiyo hivyo. Ukipita mwaka wenye siku ya ziada, Genna ya mwaka unaofuata inarudi nyuma mpaka tarehe ishirini na nane. Kila baada ya miaka minne, na hakuna asiyejua. Aba aliitangaza tena Jumapili ile, mimi nikiwa mbioni kutafuta mlango unaotazama njia.

Nilifika nyumbani jua linazama. Walikuwepo wote watatu, Yeshi, Mezgebu na mkewe. Walikuwa wamenisubiri mpaka saa sita, wakanisubiri mpaka saa tisa, halafu wakala. Mezgebu alisema mara moja, bila kunitazama, kwamba alijaribu kuniita. Pembeni ya meza palikuwa na sahani moja imefunikwa. Yeshi akaifunua. Paja la kuku, yai zima, mchuzi umeganda juu. Fungu langu, lile analoniwekea kila mwaka.

“Kaa, Baba Hirut,” alisema. “Hatujachelewa.”

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Hakucheka. Mke wa Mezgebu aliangalia mikono yake.  Nami yale maneno yalikuwepo, nayaapia, la kwanza lilishafika kwenye meno. Siagi. Nilikuwa nalisikia kabisa ulimini. Kisha Mezgebu akainua macho, na nikaona ananionea huruma. Mezgebu! Mimi!

Nikasikia sauti yangu ikisema, “Genna ni tarehe ishirini na tisa.”

Yeshi alisimama. Alijifunga netela polepole, akahakikisha ncha zote mbili ziko sawa.

“Siku saba umekaa kimya,” alisema. “Umefungua mdomo, umetoa tarehe.”

Akatoka. Kitanda walikuja kukichukua asubuhi hii, Mezgebu upande mmoja na shemeji yangu upande mwingine, na mimi nikawashikia mlango kwa sababu ulikuwa unawarudia. Mezgebu alisema pole. Nikamwambia aangalie mguu wa nyuma, umelegea.

Yai nililila baadaye, la baridi. Lilikuwa tamu. Nililia kidogo. Nalisema hapa kwa kuwa hapa hapana mtu.

Jumatano, 1 Tir

Nimemwandikia Aba barua ya kurasa tatu kuhusu kasoro za kalenda. Hakuijibu, akaja mwenyewe. Akaketi sakafuni kando yangu, pale kilipokuwa kitanda. Nikamsimulia habari za mwenye nyumba ya wageni, jinsi alivyoonewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni dakika ngapi kwa miguu mpaka kwa Atsede. Nikasema kumi. Akasema basi inuka twende, mimi nitakusindikiza, chai yao haijapoa, yaseme tuyamalize. Mungu mzima alishuka kutoka mbinguni mpaka kwenye majani ya punda, alisema, na wewe umeshindwa kushuka mtelemko huu.

Nikamwambia jambo zito halikurupukiwi. Linatakiwa mpango. Akajipangusa magoti akaondoka.

Mpango ninao. Timkat, sikukuu ya ubatizo, ni tarehe kumi na moja ya mwezi huu. Nimeuliza watu watatu, wote wamesema kumi na moja. Yeshi hukosa mengine yote lakini Timkat haikosi. Mapadre watarusha maji, ngoma zitapigwa, vigelegele vitapanda mpaka mtu asisikie kikohozi chake mwenyewe. Hapo hapo, mimi nimesimama nyuma yake hatua sita, nitayasema yote matatu, kwa ukamilifu, bila kupunguza hata silabi. Nitakuwa nimeyasema hadharani. Mungu atakuwa shahidi. Asiposikia mtu, kosa ni la ngoma.

Nimeanza mazoezi leo, mbele ya kioo. Nimegundua yanasemeka vizuri zaidi mdomo ukiwa umefungwa.