Maji Niliyompelekea Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiteua Mwenyekiti wa Kamati ya Kuukomboa Mto. Uchaguzi ulikuwa wa haki: nilipiga kura mimi, nikahesabu mimi. Kinyozi wa darajani anasema hanitambui. Atanitambua!

Chanzo ni shangazi, aliyenichukua tangu nilipoachana na shule kwa makubaliano. (Mwalimu mkuu alikubali haraka mno.) Shangazi ni dobi. Hufulia mtoni mashuka ya nyumba ya wageni, maana bomba la mtaa linakohoa tu, halitemi. Sasa kule juu kuna kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Wakitia nyekundu, mto mwekundu. Wakitia kijani, bata weupe wa kinyozi wanarudi nyumbani kama kasuku. Leo mashuka manne yametoka zambarau. Mama mwenye nyumba ya wageni kasema shuka moja tena, kazi inakwenda kwa dobi mwingine.

Shangazi hakulia. Alikaa juu ya beseni aliloligeuza, akaanza kuyakunja yale mashuka. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Machi

Ofisini kwa mkaguzi wa mazingira. Nilitegemea mzee mwenye kitambi. Kumbe mama mwembamba, miwani puani, hana mchezo. Nikamweleza kwa ufasaha, dakika arobaini. Akauliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia ndiye huyu amesimama mbele yako. Akasema nilete maji ya mto kwenye chupa, ayapeleke maabara. Gari lao bovu, yeye hawezi kuja.

Rahisi! Kinyozi akataka tushirikiane. Nikamwambia hii ni kazi ya wasomi. Akauliza tangu lini. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimechota. Lo, yale maji! Meusi, yana povu, yananuka kama kiatu cha mvua. Nikajiuliza: mtu mzima, na miwani yake, nimwekee uchafu huu mezani? Mimi nimelelewa bwana!

Nikayachuja kwa kitambaa mara tano. Nikayapitisha kwenye mchanga na mkaa. Nikayachemsha, nikayachuja tena. Yakang'aa kama machozi ya mtoto. Nikabandika karatasi: USHAHIDI.

Mkaguzi aliinua chupa dirishani. Akaitazama, akanitazama. Akauliza kama kweli haya ni ya mtoni. Nikaapa. Na si uongo!

Jumatatu, 10 Machi

Majibu yametoka. Maji safi.

Sielewi. Maabara wamelala? Meneja wa kiwanda kabandika nakala langoni, akaniita, akanishika mkono mbele ya walinzi. Akanivika kofia imeandikwa RAFIKI WA MTO. Inanikaa, sikatai. Nikapita nayo kwa kinyozi. Akamwacha mteja na nusu kichwa, akatoka nje kuniita msaliti.

Nyumbani shangazi akauliza nilifanya nini hasa. Nikamsimulia hatua kwa hatua, kifua mbele. Akanitolea macho. Yaani mwanangu, akasema, uliyaosha maji? Nikajibu niliyaosha kuliko anavyofua yeye. Ndala ikaruka. Ilinikosa, ikaiangusha kofia.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi katoa furushi uvunguni. Mashuka kumi na saba, yote yaliyoharibikia mtoni. Aliona aibu kuyarudisha, akawa anafidia kwa mapya, kimyakimya, mimi sijui. Dobi ana desturi yake: kila shuka hulishonea uzi pembeni, mafundo ya chumba na mafundo ya siku, yasichanganyike. Nikabebeshwa furushi mpaka kwa mkaguzi. Shingo bado imepinda.

Mkaguzi akamwita meneja, na daftari lake la kutia rangi. Kisha shangazi akawa anasoma mafundo, mkaguzi anasoma daftari. Tarehe tisa mwezi uliopita: shuka jekundu, kwenye daftari nyekundu. Tarehe kumi na nne: kijani, kijani. Yote kumi na saba! Meneja akasema labda wageni wanalala na kalamu. Nikacheka peke yangu. Shangazi akanikanyaga.

Amri ikatoka: kiwanda kizoe tope lote, kijenge bwawa la kuchujia maji yake. Kila Jumatatu, kwa wiki tatu, chupa ya mto iende maabara. Ikiwa chafu hata moja, kiwanda kinafungwa. Zikiwa safi zote, faili linafungwa. Mama wa nyumba ya wageni naye kakubali kusubiri hizo wiki tatu.

Tumeshinda. Nilikuwa na mpango, ila nilimwachia shangazi auseme.

Jumatatu, 17 Machi

Kinyozi ndiye kapewa kuchota! Mimi kubeba tu, eti kwa kuwa yeye ana wateja. Shangazi kaniapisha: hayo maji nisiyaguse.

Nikaipokea chupa. Jamani! Meusi tii, na unyoya wa bata juu. Nikamjua kinyozi mara moja. Anataka kunifedhehesha mbele ya mkaguzi, mwenyekiti mzima!

Kiapo ni kiapo. Sikuyagusa hata tone. Nilitumia kitambaa, mchanga, mkaa na sufuria.

Jumatatu, 24 Machi

Majibu ya chupa ya kwanza: safi kabisa! Mkaguzi kashangaa kiwanda kimefanya kazi haraka hivyo. Na mimi nimeshangaa, maana sijaona hata koleo moja kule. Meneja kanipungia mkono kutoka dirishani. Mtu mwema, kumbe.

Ila kuna jambo silielewi. Leo shuka alilofua shangazi limetoka kijani. Mama wa nyumba ya wageni yuko mlangoni hivi ninavyoandika, na hajaketi. Shangazi kaishika ile karatasi ya majibu, ananitazama mimi, anatazama sufuria.

Itakuwa sabuni.

Chupa ya pili imeshapoa. Safari hii nimetia na kipande cha ndimu.