Mguu wa Tramu na Maji Taka ya Tbilisi

Ugomvi wa asubuhi ile kwenye benchi letu, uani mwa ghorofa tunamokaa hapa Tbilisi, uliletwa na redio. Ilisema Mjerumani mmoja kapanda ndege hadi kwetu kutibiwa kidonda sugu kwa virusi vinavyokula bakteria, na virusi vyenyewe huchotwa kwenye maji taka.

Nodar, tunayemwita Tramu kwa sababu aliendesha tramu, mabasi yale ya relini, miaka thelathini, aliacha kurusha dadu. Kidonda cha mguuni mwake kilikuwa na miezi minane, dawa zote zimegonga mwamba, na Alhamisi alikuwa aende kukatwa mguu.

"Yaani niende na kidonda, nirudi na choo," alisema.

Aliyekasirika ni Vazha, mstaafu wa mitambo ya maji taka, ambaye mkewe huwaambia wageni kwamba alikuwa serikalini. Sisi humwita Mfereji. Akatusomesha nusu saa nzima kwamba hakuna mdudu wa jiji hili asiyepita mikononi mwake, wabaya na wanaowala wabaya.

"Unaringia maji ya choo?" Tramu akamuuliza.

"Mimi nina miguu miwili, bwana. Wewe utaringia nini Ijumaa?"

Tramu aliutazama mguu wake. Kisha akasema, taratibu, "Ghorofa ya tano nitapandaje?"

Lifti yetu ilikufa zamani. Mfereji akainuka, akamshika kwapa, wakaondoka pamoja kutafuta kliniki ya hivyo virusi.

Huko walipima usaha wake, wakamtafutia virusi vinavyowamudu bakteria wake. Vya kwanza vilishindwa, na Tramu akalia mbele ya nesi. Vya pili vikakubali. Akawa anamwagiwa virusi hivyo kidondani kila siku, na kichupa kingine anakunywa macho kayafumba. Wiki ya sita kidonda kikafunga.

Alirudi benchini kwa miguu yake, tukampigia makofi. Mfereji hakupiga. Alitaka kujua vile virusi vilichotwa mtaa gani.

"Daktari kasema Didube."

Mfereji akavua kofia. "Didube ilikuwa zamu yangu," alisema, akanyoosha mkono.

Tramu alisimama, akaushika kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kisha akaenda kunawa.